Kamera ya Mkono Mmoja

Kitanda kilikuwa kimegeuka meza ya duka. Flashi alikuwa amemwaga juu yake kila alichonacho: kamera kubwa mbili, lenzi nene kama birika, stendi ya miguu mitatu, mwavuli mweupe wa kulainisha mwanga, chaja, betri na nyaya zilizosokotana. Kwenye kipembe kilichobaki alikuwa amekaa mkewe, kisanduku cha dawa mapajani, akimtazama.

"Unasafiri au unahama?" akamuuliza.

Walikuwa wanasafiri. Uvimbe ulioota kwenye uti wa mgongo wa mama huyu ulikuwa umeshaanza kumnyang'anya miguu, na madaktari wa hapa walikuwa wamesalimu amri. Hospitali iliyokubali kumpokea ilikuwa ng'ambo, na matibabu yenyewe ni ya miezi. Ndugu na jamaa walichanga, tiketi zikakatwa, na binti yao akakubali kuiangalia studio hadi watakaporudi.

Flashi alikuwa mpigapicha wa harusi na wa vitambulisho, na jina hilo alipewa na mtaa tangu ujana wake. Mkewe wakamwita Mama Taa, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kushika taa. Kwenye kila harusi Flashi alikuwa mbele, anachuchumaa, anaamuru watu wacheke. Mama Taa alikuwa kando, begi la lenzi begani, mkono umeinua taa mpaka unakufa ganzi. Flashi hakuwahi kuuliza habari za mkono ule. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na maisha yake yote aliamini kwamba vifaa vyake ni vyepesi, kwa sababu si yeye aliyekuwa akivibeba.

Sasa aliyevibeba hakuweza kunyanyua hata mkoba wake.

"Mkono mmoja unanishika mimi," Mama Taa akasema, "mmoja unashika kamera. Kama unao wa tatu, chukua na huo mwavuli."

Wakafanya majaribio pale pale ukumbini. Mama Taa aliegemea mkono wa kushoto wa mumewe, wakatembea hatua za bibi harusi kutoka mlango wa jikoni hadi mlango wa mbele, na Flashi akajaribu kupiga kwa mkono wa kulia. Kamera kubwa ya kwanza ilimshinda. Ya pili iliyumba kwenye mkanda wake ikamgonga mama wa watu ubavuni, naye akakunja uso, akasimama kidogo, kisha akasema twende. Lenzi zikarudi kabatini moja baada ya nyingine. Stendi ikarudi. Mwavuli ukarudi. Flashi alikuwa anavifungia kama anayezika.

Kilichobaki ni kile kikamera ambacho binti yao alikinunua na ambacho Flashi alikiita kibiriti. Lenzi yake haibadilishwi, na chenyewe kinaingia mfuko wa shati. Mama Taa alikichukua, akakipima kiganjani, akakiinua hadi jichoni.

"Hiki hata mimi nakiweza," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu ugonjwa uanze alionekana amefurahi kweli.

"Hicho cha kuchezea tu," Flashi akajibu.

Mtu aelewe hapa kwamba Mama Taa alikuwa na ombi moja, na mumewe alilijua. Alilisema siku alipopigwa picha ya pasipoti. Alikuja studio amejipaka mafuta, hereni zinang'aa, akaketi mbele ya kitambaa cheupe. Flashi akamvua hereni. Alipotabasamu, akashusha kamera.

"Usicheke. Ya pasipoti hairuhusiwi."

"Yaani siku ninayopigwa na mimi, ndiyo nisicheke? Basi utanipiga nyingine, Flashi. Nataka picha yangu moja nzuri. Sina hata moja."

Alisema kweli. Katika maelfu ya picha za studio ile, Mama Taa alikuwa kiwiko pembeni mwa keki, au kivuli kwenye zulia. Kinyozi hajinyoi, sawa, lakini mkewe naye aachwe na kichaka kichwani? Flashi aliahidi. Aliahidi kwa moyo wote, na hapo ndipo ubaya ulipo.

Ng'ambo hakukuwa na mikono hata ya kukishika kibiriti. Mama Taa alikuwa sasa kwenye kiti cha magurudumu. Mikono yote miwili ya Flashi ilisukuma, na shingoni mwake ukaning'inia mkoba wa majalada ya hospitali. Kamera ilikaa mapajani mwa mgonjwa, na mgonjwa akaanza kupiga. Alipiga wakiwa kwenye lifti, alipiga wakisubiri kuitwa, alipiga kutoka kitandani. Flashi hakutazama hata moja. Aliona mkewe amepata cha kumliwaza, akamshukuru Mungu.

Asubuhi moja walikuwa wanapita kwenye korido yenye madirisha marefu. Jua lilikuwa limechujwa na mapazia meupe. Mama Taa akamwambia asimame, akamnyooshea kamera.

"Haya, zamu yangu. Mwanga huo hapo, na leo sikuushika mimi."

Flashi aliuona mwanga. Katika kazi yake yote hakuwahi kupata mzuri kuuzidi. Lakini aliona pia mashavu yaliyovimba kwa dawa na nyusi zilizopukutika, na alijua jinsi kilenzi kile kinavyotanua pua ya mtu. Fundi akamshinda mume.

"Ngoja upate nafuu," akasema. "Uso upungue kidogo. Nyumbani nitakupiga na ile kubwa, utoke vizuri."

"Ngojangoja huumiza matumbo," Mama Taa akajibu, akacheka, akairudisha kamera mapajani. Aliomba tena siku nyingine, akiwa kitandani, akajibiwa vile vile. Baada ya hapo hakuomba.

Alifia huko huko, akarudishwa ndani ya jeneza. Flashi aliteremka kwenye ndege na begi jepesi na mikono miwili mitupu, akasimama uwanjani asijue aipeleke wapi.

"Baba," binti yake akamwambia walipofika nyumbani, "inatakiwa picha ya Mama, ya kuweka mbele ya watu. Kesho wanakuja kumzika."

Wakakifungua kibiriti. Picha ya kwanza ilikuwa ya Flashi, kidevu na matundu ya pua, amepigwa kutoka kitini anaposukuma. Ya pili, Flashi amelala kwenye benchi, mdomo wazi. Flashi kwenye foleni ya chai. Upara wa Flashi, ameinama anamfunga mtu vifungo vya koti, na mtu mwenyewe haonekani. Zilikuwa picha nzuri. Mwanamke aliyeshika taa miaka yote hiyo alijua mwanga unakaa wapi. Binti alizipitia hadi ya mwisho, akarudi nyuma akazipitia tena.

"Ni wewe tu, Baba."

Flashi alikwenda studio peke yake. Aliwasha kompyuta, akaitafuta picha ya pasipoti, akaitoa kwa ukubwa wa harusi. Haikuwa imepigwa kwa ajili ya ukubwa huo, lakini ndiyo iliyokuwepo: masikio matupu, macho yametazama mbele, midomo imebanwa.

Kesho yake waombolezaji walipita mbele ya picha hiyo mmoja mmoja. Jirani yao, mama mshonaji aliyemjua marehemu tangu usichana, alisimama hapo kwa muda.

"Shemeji," akauliza kwa upole, "Mama Taa alikuwa mtu wa kucheka. Mbona hapa amenuna hivi?"

"Nilimkataza," Flashi akasema.