Kobe Aliyepigwa Picha na Kijiko Changu

Sikulazimishi uniamini. Lakini ukipita saluni ninakosuka, hapa mjini Durban, nitakupa mkono wangu wa kulia uushike, halafu uniambie mwenyewe kama mkono wa mtu mwenye damu unakuwa baridi hivi katikati ya joto la Januari. Wateja wananitania, "Mama Sifa, mkono huu umeutoa kwenye friji?" Nacheka nao. Haya, leo nakusimulia baridi hiyo ilikotoka, na sitaongeza chumvi hata punje moja.

Kwanza ujue kwamba mimi ni mtu wa kushuku. Nikinunua nyanya naigeuza upande wa pili. Nikipewa noti naiinua kwenye mwanga. Mtandaoni simpi mtu jina langu, najiita Grace. Wenzangu wanasema nina roho ya polisi. Sawa, ninayo, na ndiyo maana mtoto wangu yuko nami mpaka leo.

Mtoto huyo ni Sifa, ana miaka minane. Zamani tulikuwa na kaduka ka kutengeneza simu, na tulikuwa tunalala chumba cha nyuma. Usiku mmoja watu walikuja wakaupiga mlango mpaka ukaanguka, wakatutukana kwamba sisi Wakongo ni wageni, wakabeba kila kitu. Hawakutugusa. Ila tangu siku hiyo Sifa hakuamini tena mlango wowote. Tulihamia mtaa wa Point, ghorofa ya tatu, mlango una geti la chuma kwa nje, lakini yeye alikuwa akilala kabatini, chini ya nguo. Ndiyo, kabatini. Baba yake yuko kwenye malori, leo Lubumbashi, kesho hajulikani, kwa hiyo machozi ya jambo hilo nilikuwa nayalia peke yangu.

Siku moja akaona picha ya kobe kwenye simu yangu. Huyo si kobe wa kawaida. Wauzaji wanamwita kobe wa sanduku, kwa sababu gamba lake la tumboni lina kitu kama bawaba: akiogopa anaingiza kichwa na miguu, anajifunga, na huwezi kupenyeza hata kucha.

"Mama," Sifa akasema, "huyu iko na mlango yake mwenyewe."

Yalikuwa maneno mengi kuliko yote aliyosema wiki ile. Wewe ungekuwa mzazi ungefanya nini? Nikaanza kutafuta kobe.

Goreth, Mrundi ninayesuka naye kiti kwa kiti, aliwahi kununua mtoto wa mbwa mtandaoni, na mpaka leo anamsubiri. Akanionya mapema. "Eish, Mama Sifa, wale ni wezi. Usitume pesa mbele. Mwambie apige picha ya leo, kobe na kitu kando yake."

Wauzaji wengi niliwakamata kwa maswali mawili tu. Mmoja alitaka nilipie bima ya boksi. Mwingine picha yake ilikuwa ya kuibwa, niliikuta kwenye tangazo la mtu mwingine. Lakini huyu wa mwisho, aliyesema yuko Johannesburg, alijibu kila kitu kwa Kiingereza kizuri cha taratibu. Pesa nitalipa nikimpokea kobe. Hatampa chakula kingi kabla ya safari. Atamweka kwenye boksi ndani ya boksi, lenye matundu, na karatasi zilizoloweshwa maji kidogo asikauke. Hatamtuma Ijumaa, asije akakwama ghalani Jumamosi na Jumapili. Nilisoma, nikalinganisha na ushauri wa wafugaji, na yote yalikuwa sahihi. Hapo ndipo nilipoanza kumwogopa. Muuzaji gani asiye na kasoro hata moja?

Nikamwandikia: weka kijiko kando ya kobe, nione ukubwa wake.

Picha ikaja saa hiyohiyo. Kobe wa kahawia mwenye michirizi ya njano, amefungwa kabisa, na kando yake kijiko chenye mpini wa kijani. Ncha ya mpini ilikuwa imeyeyuka na kupinda. Nikakitazama tena. Kijiko changu cha mboga kiko vilevile, tangu siku Sifa alipokisahau juu ya jiko la umeme. Nikajisemea, nchi hii nzima vijiko vya kijani viko vingapi? Nikaikuza picha. Karibu na ncha kulikuwa na alama ya meno. Sifa alikuwa akikitafuna alipokuwa mdogo.

Nikafungua droo. Kijiko hakikuwepo.

"Sifa, kijiko cha kijani kiko wapi?"

"Kobe iko nacho," akajibu, huku akichora, kama mtu anayekwambia ni saa ngapi. Nami nilikuwa sijamwonyesha hiyo picha.

Niliizuia namba ya yule muuzaji papo hapo. Nilikuwa sijampa anwani, wala jina, wala senti. Nikasema basi, imekwisha.

Kesho yake jioni mvua ilikuwa inanyesha na umeme umekatika. Nilikuwa nakaanga ndizi kwenye jiko la gesi niliposikia mlango unakwaruzwa, chini kabisa, karibu na sakafu. Kabla sijafuta mikono, nikasikia funguo. Sifa ametoka kabatini na anafungua. Mtoto ambaye hata kitasa alikuwa hagusi alifungua mlango, akafungua na geti la chuma, mpaka nafika mlango uko wazi.

Kwenye korido alisimama mzee mfupi, mpana, amevaa koti zito lenye kola ndefu. Koti, Durban, katika joto lile! Mkononi ana boksi la ukubwa wa viatu, lenye matundu.

"Jambo, Mama Sifa," akasema. "Muzigo ya mutoto iko hapa."

Hebu fikiri. Kwake mimi nilikuwa Grace wa Kiingereza. Huyu alinisalimia kwa Kiswahili cha Bukavu kabisa, kile cha nyumbani kwa mama yangu.

"Hatukuagiza kitu," nikasema.

"Mutoto aliagiza. Afungule yeye mwenyewe." Akaliweka boksi kizingitini. Kisha akamgeukia Sifa, akasema kwa upole ambao ulinichukiza kuliko ukali, "Ndani iko nafasi."

Nikamshika Sifa gauni kwa mkono wa kushoto. Ningefunga mlango, najua, usinifundishe. Lakini boksi lilikuwa katikati ya mlango, na Sifa alikuwa anavuta kuelekea kwake kwa nguvu ambazo mtoto hana. Nikasema nitalifungua mimi, Sifa aone kwamba hakuna kitu cha kutamani. Nikapiga magoti, nikafungua kifuniko. Moshi wa ndizi zinazoungua ulikuwa umeshatufikia mlangoni. Ndani giza tupu. Nikaingiza mkono wa kulia.

Niligusa karatasi zenye majimaji. Zikaisha. Mkono ukaingia hadi kwenye kiwiko, ukaingia hadi begani, na chini hakuna kitu. Boksi la viatu! Kulikuwa na uvuguvugu na harufu ya udongo. Halafu nikashikwa.

Vidole vidogo. Vya mtoto. Vilinishika vidole vyangu vinne kwa pamoja, vile mtoto anavyokushika mnapovuka barabara. Kwenye kifundo chake nilihisi kamba ya shanga. Haki ya Mungu sikuota. Nikavuta, na mkono ule ukaja, ukaja kidogo, nikahisi uzito wa mwili mzima nyuma yake. Nikajua nikivuta kwa mikono miwili atatoka.

Lakini Sifa alikuwa ameinama. Kichwa chake kilikuwa kimefika ukingoni mwa boksi, gauni linachanika mkononi mwangu, na anasema taratibu, "Mama, iko nafasi."

Nina mikono miwili tu.

Niliachia ule mwingine. Vidole vile havikukubali kuachwa, vilinikwaruza mpaka mwisho, na mkono wangu ukatoka na baridi hii. Nikamkumbatia Sifa kwa mikono yote, tukaanguka nyuma sebuleni, nikalisukuma boksi nje kwa mguu.

Mzee hakukasirika. Alitikisa kichwa kwa kukubali, akaokota boksi lake. "Sharp, Mama," akasema, yaani sawa. "Nitauzisha kwa wengine." Kisha, mbele ya macho yangu, kichwa chake kikashuka ndani ya kola. Kikazama chote. Mikono ikafuata na boksi lake, na koti likajifunga kwa mlio mkavu, bila mtu kulifunga. Nikapiga geti, nikapiga mlango. Kwenye ngazi nilisikia kucha zikishuka, polepole, kidato kwa kidato.

Sifa alilia usiku ule, mara ya kwanza tangu duka livunjwe. Akaniuliza, "Mama, ulikuwa unashika nani mwingine?" Nikamfuta machozi. Siku hizi analala kitandani, kabati amelijaza vitabu, na anacheka. Nafurahi, nakwambia ukweli. Na kila ninapofurahi, mkono huu unauma.

Tangazo bado lipo. Linapotea, linarudi kwa jina jingine. Nimeliripoti, nimewaambia watu wa kanisani, Goreth peke yake ndiye haniambii kwamba ni uchovu tu. Kobe ni yuleyule, amefungwa vilevile, na kando yake kijiko cha kijani chenye mpini ulioyeyuka. Ukikiona, jua kwamba ni changu, na usimjibu huyo muuzaji hata salamu.

Lakini kama umechelewa, kama boksi limeshafika mlangoni kwako na ukaingiza mkono ukashikwa na vidole vidogo, papasa kwanza kama kuna shanga; huyo ndiye niliyemwachia. Kisha mwite jirani yako awashike wanao, na wewe vuta kwa mikono yote miwili.