Unene wa Ukuta

Udongo uliochanganywa na kinyesi cha ng'ombe hunuka vibaya siku ya kwanza tu. Siku ya pili harufu hupoa, na ukuta ukishakauka kabisa hubaki na harufu ya majani makavu ambayo hadi leo ikinipata popote nasimama. Sisimami kwa upendo. Kihenge chetu kipya kule Bashay kilinuka hivyo mwaka niliokuwa darasa la saba. Baba alikisuka kwa fito, cha mviringo, juu ya mawe nyuma ya nyumba, kisha mimi na mdogo wangu Veronika tukakikandika. Yeye alikuwa mwembamba, akaingia kwa mdomo wa juu na kukandika ndani. Mimi nilikandika nje. Mwanzoni viganja vyetu viligusana katikati ya fito, halafu udongo ukatutenganisha. Nikisema sikuujua unene wa ukuta ule nitakuwa mwongo, maana niliupaka kwa mikono yangu.

Mahindi yalipokauka tuliyapukuchua kwa wiki tatu, na mama akayamimina mwenyewe, debe moja moja. Kila debe lilipoingia alitupa punje moja ya maharage ndani ya kibuyu. Haba na haba hujaza kibaba, alisema, na kibaba kisipohesabiwa hakijulikani kilikokwenda. Kihenge kilipojaa akafunika mdomo na kuukandika, na kwetu mdomo ukishakandikwa haufunguliwi hadi mavuno mengine. Mahindi hutolewa kwa tundu dogo la chini, lililozibwa kwa gunzi lililoviringishwa tambara. Punje za kibuyuni zilikuwa tisini na tatu. Tulikuwa watu wanane na tulikula debe moja kila siku nne, kwa hiyo mama alitulia. Mwaka ungefika.

Wiki hiyohiyo mwalimu wetu wa hisabati alikuwa amefika kwenye mcheduara. "Eneo ni la kupaka, ujazo ni wa kujaza," alituimbisha, kisha akatutuma tukapime nyumbani kitu chochote cha mviringo. Wenzangu walipima ndoo na makopo. Mimi, ambaye sikuwahi kuridhika na kidogo, nilipima kihenge. Veronika, wa darasa la nne, alinishikia kamba. Tulisimamisha miti miwili, mmoja kila upande, tukapima nafasi kati yake: sentimita mia moja na arobaini. Kutoka ardhini hadi juu, mia mbili. Nikaandika nusu kipenyo sabini, nikaizidisha kwa yenyewe, kwa kimo, kwa pai, na ile saba ya chini ikakatika vizuri mno hadi nikacheka peke yangu.

"Dada," Veronika akasema, "ukuta nao unaliwa?"

"Unasemaje?"

"Umepima mpaka nje. Na huku chini ni mawe. Tutakula na mawe?"

Husemwa kuuliza si ujinga. Siku ile mimi nilimwambia anyamaze, darasa la nne hawajafika kwenye ujazo. Akaendelea kunishikia kamba.

Jibu langu lilikuwa lita elfu tatu na themanini, yaani debe mia moja hamsini na nne. Mwalimu, ambaye hakuwahi kukiona kihenge chetu, alikagua kanuni, akaona iko sawa, akanipa vyema kubwa nyekundu. Jioni baba alinisimamisha mbele ya wote. "Yustina, soma tena." Nikasoma. Mama akaleta kibuyu chake. "Mimi nimehesabu tisini na tatu, Baba Yustina." Baba akacheka. "Punje ngapi zimeliwa na kuku? Huyu mtoto amefundishwa shuleni. Wewe na kibuyu chako!" Mama alinitazama. Nilijua kwamba yeye hakosei kuhesabu, na neno langu moja lingetosha kumrudisha baba nyuma. Sikulisema. Nilifurahi kumshinda mama yangu, na hilo nalisema wazi kwa sababu hakuna mwingine wa kulisema.

Baba alikuwa na dume mmoja wa kulimia, na plau inataka wawili. Kwenye mnada akaelewana na mzee mmoja mfugaji wa Gendabi: dume kwa debe sitini. Yule mzee hakutudhulumu. Alileta mnyama mzuri, akanywa uji wetu, akatushukuru, akapakia mahindi yake kwenye trela. Yalitoka kwa tundu la chini, na mdomo wa juu ukabaki umekandikwa, kwa hiyo hakuna aliyeona yanavyoshuka. Mama tu aligonga ukuta kwa vifundo vya vidole, akasema uwazi umefika kiunoni. Baba akamjibu kwamba mlio si hesabu.

Januari tundu lilitoa vumbi. Baba alipanda, akavunja kifuniko, akaangalia ndani kwa muda mrefu. Aliposhuka hakumtazama mama. Alinitazama mimi. "Yustina, zile debe nyingine ziko wapi?" Nikaingia ndani na rula. Ukuta ulikuwa sentimita saba kila upande. Mawe, sakafu na ukingo wa juu vilikula hamsini nyingine za kimo. Nikapiga hesabu upya nikiwa nimechuchumaa mlemle ndani, na jibu likawa debe tisini na tatu na nusu. Mama alikuwa hajakosea hata punje.

Wakati wa njaa ng'ombe huwa rahisi kuliko kuku. Yule dume alirudi mnadani, akatuletea debe kumi na tano. Na mimi, msomi wa nyumba, nilikuwa nimechaguliwa kwenda sekondari ya bweni, ambako kila mwanafunzi alitakiwa kuja na gunia la mahindi. Debe sita kati ya zile kumi na tano ziliondoka na mimi. Shangazi wa Mogitu alituma ujumbe kwamba anaweza kulisha mtoto mmoja mpaka mavuno. Baba akasema aende Veronika, maana shule yake ni ndogo, itamsubiri. Akaenda na daftari lake la hesabu akijua Mogitu kuna shule. Ilikuwapo kweli, lakini shangazi alikuwa na ndama na mtoto mchanga, na mtu wa kuwatunza amepatikana. Mavuno yalipofika baba alisema atamfuata baada ya kupukuchua, kisha baada ya kulima, kisha baada ya palizi. Mwishowe kilichomfuata ni mahari.

Leo mimi ni mwalimu wa hisabati. Siku hizi kihenge ni nadra kukiona. Mahindi yanakaa kwenye mifuko mizito inayofungwa isiingie hewa, kila mmoja unajulikana ni debe sita, na simu ya mkononi inakokotoa ujazo kabla hujamaliza kuandika swali. Hata hivyo kila mwaka natunga swali la kihenge chenye ukuta wa sentimita saba. Kila mwaka nusu ya darasa wanausahau ukuta, na mimi nawakata alama mbili. Wananiona mkali. Wanalalamika, wanasahihisha, wanakwenda kucheza mpira.

Mwaka jana nilikwenda Mogitu. Veronika alikuwa anapukuchua, mikono yake migumu kuliko ya mama alipokufa. Nikamwambia nilichokuwa nimekibeba miaka yote hiyo: kwamba aliuliza swali sahihi nami nikamnyamazisha, na kwamba kiti ninachokalia shuleni kilikuwa chake. Hakuacha kupukuchua.

"Dada, achana nayo," akasema. "Ulikuwa mtoto."

Nilikuwa na miaka kumi na tatu. Yeye alikuwa na kumi, na alikuwa ameuliza.