Mgeni Aliyemkaribisha Mwenyeji

Kosa la wengi wanaotembelea vijiji vya ugenini ni kuingia uani kamera ikiwa imeshawashwa.

Ndiyo maana Bibi Kulwa wa Ntalikwa, ambaye babu yake alikuwa mpagazi wa misafara ya pwani, aliapa kutopokea tena wageni.

Leo nimempeleka Marta, mgeni kutoka Polandi, aliyetamani sana kusikia habari za babu huyo. Njiani nilimfundisha "hodi" na "karibu".

Tukasimama nje. Marta akavuta pumzi, akapaza sauti:

"Karibuuu!"

Nikajua tumeshaharibu.

"Asante mwanangu," sauti ikajibu kutoka ndani. "Nipo kwangu. Nikaribie wapi tena?"

Marta akawa mwekundu hadi masikioni. "Shikamoo Bibi! Nimekosea!"

"Marahaba." Bibi akatoka anacheka, kigoda mkononi. "Wale wa juzi walijua Kiswahili vizuri, ila walinifuata hadi jikoni na simu zao. Wewe umengoja nje. Kaa, nikwambie habari za babu."

(Mimi, mwalimu mstaafu, nikakaa chini. Kigoda kilikuwa kimoja.)

Nyie mmewahi kukaribishwa kwenu na mgeni?

Ukimtembelea mtu leo, simama nje mpaka akuitikie.