Herufi za Utomvu

Nilisimama ukumbini, mtoto mgongoni, nikapaza sauti mpaka akaamka: "Rudisheni nyuma hayo majina!"

Filamu ya wanafunzi ilikuwa imekwisha. Ukutani yalikuwa yamepita majina ya waigizaji, mwalimu mlezi wa klabu ya filamu, mpishi, hata mwenye mbuzi aliyelia mara moja tu. Mwenye mbuzi yupo, mimi niliyeandika jina la filamu sipo!

Mimi huandika mabango ya saluni na maduka hapa Nyaishozi. Binti anayeongoza klabu ndiye aliyenifuata.

"Shikamoo, dada. Tunataka jina la filamu litishe watu."

"Marahaba. Linaitwaje?"

"Nani Kafungua?"

Nilijaribu rangi nyekundu, ikatoka kama bango la bucha. Ndipo nikakumbuka nepi. Tangu nizae napigana na utomvu wa mgomba: unadondokea nguo kama maji, huoni kitu, ukija jioni nepi ina doa la kahawia ambalo hata ufue vipi halitoki. Nikatoa shuka yangu nyeupe ya zawadi ya harusi, nikakata kikonyo cha jani la mgomba, nikaandika kwa ile ncha inayochuruzika. Kila herufi niliipa mguu mrefu unaotiririka. Alama ya kuuliza niliiacha ijimalizie yenyewe.

"Dada, mbona hamna kitu?"

"Washa simu irekodi. Kaa, ule ndizi."

Mama mkwe akapita. "Shuka nzuri hiyo! Wewe na michezo yako ya rangi!"

Jioni herufi zilikuwa zimeiva, kahawia kama damu ya juzi. Wanafunzi wakaiharakisha ile video ya simu, mchana mzima ukawa sekunde chache. Siku ya kuonyesha, jina lilipoanza kuchomoza kwenye shuka tupu, ukumbi ulipiga yowe, na mama mkwe akaning'ang'ania mkono. Nilikuwa nasubiri asome jina langu, basi.

Sasa yule binti ananijibu mbele za watu: "Lakini dada, zile herufi zilijitokeza zenyewe. Wote tuliona."

"Hata doa la nepi hujitokeza lenyewe! Nani kakata mgomba?"

Ukumbi ukavunjika mbavu. Mama mkwe ndiye aliyecheka zaidi, nami nikashindwa kujizuia. Ila hasira haikuisha, maana Ijumaa filamu inakwenda kuonyeshwa Kimuli.

Asubuhi nilipeleka barua kwa mkuu wa shule, ikagongwa muhuri:

"Yah: Malalamiko ya kuachwa jina. Herufi za filamu ya wanafunzi wako nimeziandika mimi kwa mkono wangu, kwenye shuka yangu. Naomba jina langu liwekwe kabla ya Ijumaa, juu ya la mwenye mbuzi. Shuka irudishwe bila kufuliwa. Jina langu nimeliandika hapa chini kwa utomvu. Ukiona patupu, usiseme sikusaini. Kanywe chai, urudi jioni."