Taa Si Mdomo

Mume wangu aliendesha gari kutoka Kisumu hadi Mbarara bila kioo cha ndani. Kioo chenyewe kilikuwepo, wala hakikuwa kimevunjika. Anti alikigeuza kabla hatujatoka getini kwetu Milimani, akakielekeza usoni mwake, na kila mume wangu alipoinua mkono kukirudisha alichapwa vidole.

"Wacha hivyo," alimwambia. "Ukiangalia nyuma utakutana macho na Mama. Unataka kutuletea chira mpaka Uganda?"

Anti hakuwa ndugu yetu. Alikuwa Mhindi mwenye duka la vitambaa katikati ya mji, mzaliwa wa Kisumu kama baba yake, na rafiki wa mama yangu kwa zaidi ya miaka thelathini. Mama alikuwa akishona sare za shule sokoni Pap Onditi. Alikuja mjini kununua kitambaa kwa Anti, wakaanza kwa kubishania bei, wakaishia kunywa chai nyuma ya kaunta. Kijaluo cha Anti kilikuwa kizuri kuliko changu, na mila zetu alizijua kuliko wengi wetu. Nikilalamika, alinitupia msemo mmoja tu: "Mwacha mila ni mtumwa." Mimi Mjaluo halisi nilifundishwa mila na mama wa Kigujarati anayeuza gabadini kwa mita.

Mila yenyewe ni hii. Mkwe na mama mkwe huheshimiana kwa kukaa mbalimbali. Hawashikani mikono, hawali pamoja, hawasemezani ovyo, na kubwa kuliko yote, hawalali chini ya paa moja. Anayevunja hayo huogopewa kupatwa na chira, ule mkosi unaomkausha mtu polepole mbele ya macho ya watu. Siku hizi kuna familia nyingi zisizojali. Mama yangu alijali.

Ndiyo maana viti vya gari vilipangwa kama vya mazishi ya mkubwa. Mume wangu usukani, Anti kando yake, mimi nyuma ya mume wangu kama ukuta, na Mama pembe ya mbali, mkoba mapajani. Maneno yalisafiri kupitia kwa Anti.

"Mwambie apunguze mwendo," Mama alisema.

"Mkwe, Mama anasema upunguze mwendo."

"Mwambie niko sitini tu, Anti."

"Anasema ni sitini."

"Mwambie hata hiyo sitini ina haraka ya kwenda wapi."

Wote wanne tulikuwa tunasikiana vizuri sana. Mpaka tunavuka Busia nilikuwa nimeuma ulimi mara kumi. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, sikatai, na hasira yangu haikuanza siku ile.

Nilikuwa nimeolewa miaka kumi na mmoja, na katika miaka hiyo yote mama yangu hakuwahi kulala kwangu. Alikuja mchana, akala jikoni na watoto, akakagua pazia zangu na kusema zimeshonwa vibaya. Jua likianza kushuka upande wa ziwa, alianza kutafuta mkoba wake. Alikwenda kulala kwa Anti, ghorofa ya juu ya duka, mwendo wa dakika kumi kutoka kwangu. Nami nikienda Pap Onditi, binti aliyeolewa, nililazwa kwa mke wa kaka yangu ng'ambo ya ua. Nilimwandalia Mama chumba kwetu, kitanda, neti, shuka za maua. Akakisifu kutoka mlangoni. Kila jioni nilipofunga dirisha la chumba kile nilimwonea Anti wivu, wivu wa kitoto kabisa, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akimsikia mama yangu akikohoa asubuhi. Nilitaka usiku mmoja tu. Sikumwambia mtu yeyote.

Safari ilitokana na kalenda. Dukani kwa Anti ilining'inia kalenda ya zamani yenye picha ya Ziwa Bunyonyi, kule kusini-magharibi mwa Uganda, visiwa vidogo vya kijani vimetapakaa majini na milima imekizunguka kila kitu. Mwaka wake ulikwisha kitambo, kalenda haikuondolewa. Mama alinywea chai chini yake miaka nenda miaka rudi, na kila mara wawili hao walisema, siku moja tutaenda. Walipoanza kusema, "tungeenda," mume wangu alichukua likizo, watoto tukawaacha kwa shangazi yao, tukaondoka.

Nikikumbuka barabara ile leo, nakumbuka kwanza harufu: chapati nyembamba za methi, yaani majani ya uwatu, za Anti, achari ya embe, na mafuta ya nywele ya Mama. Jinja tulisimama kutazama Mto Nile. Mama akasema maji hayo yametoka kwetu, na hakuna mtu aliyemshukuru. Baada ya Masaka ng'ombe wenye pembe ndefu walitufungia barabara. Mbarara, mume wangu alitafuta gesti mbili zinazotazamana, barabara katikati. Mama na Anti walilala upande huu, sisi ule. Nilisimama dirishani nikaona taa yao ikizimwa, nikarudi kitandani nimenuna.

Siku ya pili milima ilianza. Sisi watu wa tambarare ya Nyakach mlima tunauona kwa mbali, unakaa kwake. Kule Kabale mlima ulituingia dirishani. Kila mteremko ulikuwa umekatwa matuta kutoka juu hadi chini, viazi hapa, mtama pale, maharage pembeni. Anti aliutazama kwa jicho la duka. "Wameukunja pleti," akasema, "kama sketi ya darasa la nane." Mama aliutazama kwa jicho la mkulima ambaye shamba lake huchukuliwa na maji kila masika na kupelekwa ziwani.

"Mwambie asimame," akasema.

Mume wangu alisimama kabla Anti hajafungua mdomo. Mama alishuka, akainama, akashika udongo wa tuta, akaufinya. "Hawa watu hawaachi udongo wao uende," akasema, na nikaona macho yake yamelowa. Sikujua kama ni kwa furaha au kwa kijicho.

Ziwa tulilifikia saa kumi na moja jioni, mvua ikinyesha. Mama alilitazama na kutamka kwamba ni bwawa. Tuliliacha gari gatini, tukavushwa kwa mtumbwi wa injini hadi kisiwa kidogo ambako mume wangu alikuwa ameagiza vibanda viwili vilivyoachana. Mwenyeji alitupokea kwa mwavuli na aibu. Mkaratusi ulikuwa umeangukia kibanda kimoja mchana ule. Kilichobaki ni kimoja, chenye vyumba viwili na paa moja.

Mama alirudi kando ya maji, akaketi juu ya sanduku lake kwenye mbao za kufungia mitumbwi, mvua ikimpiga leso ya kichwa.

"Nitalala hapa," alisema.

Hapo ndipo nilipolipuka. Nilipiga kelele mbele ya mwenyeji, mbele ya mwendesha mtumbwi, mbele ya ndege. "Mama, nani anatuona huku? Nani anatujua? Hata mlima wa huku hautujui!"

"Mimi najiona," akasema.

Nililia kwa hasira, nikamwambia lile ambalo nilikuwa nimelificha miaka yote: kwamba nina chumba kilichokaa bure, kwamba nimechoka kumkabidhi mama yangu kwa mtu mwingine kila jioni, hata kama mtu huyo ni Anti. Mama aliangalia maji. Anti naye, aliyekuwa na jibu kwa kila kitu, aliangalia viatu vyake.

Mume wangu ndiye aliyesogea. Alichukua blanketi moja, akaning'iniza koti begani, akamwambia mwendesha mtumbwi asizime injini. "Anti," akasema, "mwambie Mama mimi nalala garini. Kesho nitarudi na mkate." Akaingia mtumbwini bila kungoja majibu. Yeye huwa anachukia baridi kuliko dhambi.

Bado Mama hakuinuka. "Nyumba ni yake," alisema, "hata akiwa hayupo. Yeye ndiye aliyeiagiza."

Ndipo Anti alipopata uhai. Alimwita mwenyeji alete daftari la wageni. Akalikuta jina la mume wangu, akalikata kwa kalamu mistari miwili, akaandika lake kwa herufi kubwa zilizojaza nafasi ya watu watatu. Akampa Mama daftari asome.

"Sasa hapa ni kwangu," akasema. "Na kwangu unalala miaka yote. Au leo kwangu pameharibika?"

"Na huyu?" Mama alinionyesha kwa kidevu.

"Huyu ni mgeni wangu. Mkwe hayupo, nyumba si yake. Mgeni wangu analala ninapotaka alale."

Mama alilitazama lile jina kwa muda mrefu, kama fundi anayekagua mshono wa fundi mwenzake akitafuta mahali pa kusema. Hakupaona. Akainuka.

Giza lilikuwa linaingia tulipokaa kibarazani. Laini zetu za simu hazikushika mtandao kule, nikawa nawaza kama mtumbwi ulifika salama. Kisha ng'ambo, gatini, taa kubwa za gari ziliwaka, zikazimika, zikawaka tena, zikazimika. Amefika. Mama alikuwa ameshika simu yake ya mulika mwizi. Aliigeuza geuza mkononi.

"Sasa nani atamjibu?" aliuliza.

"Mjibu wewe," Anti akasema.

"Mimi? Mkwe?"

"Umemtamkia neno? Taa si mdomo."

Mama alisimama, akanyoosha mkono juu ya ukingo wa kibaraza, akawasha kitochi chake mara mbili. Ng'ambo taa za gari zikajibu. Mama akawasha tena. Walifanya hivyo mpaka Anti akawaambia watamaliza betri, na Mama alipoketi alikuwa anacheka, mkono umeziba meno.

Kuhusu usiku wenyewe sina kubwa la kusimulia. Anti alichukua chumba kimoja, mimi na Mama kingine. Mama alinisuka nywele mistari minne bila kuniuliza. Tulipolala aliniwekea nyayo zake za baridi kwenye miguu yangu, kama alivyofanya nilipokuwa wa shule ya msingi na blanketi letu lilikuwa moja. Alikoroma. Nilifurahi mpaka nikaona haya. Alfajiri nilimsikia akikohoa.

Asubuhi ukungu ulikuwa umelala juu ya maji, na visiwa vilitokeza vichwa tu. Mume wangu alirudi na mkate, shingo imekaza upande mmoja. Mama alimega kipande kikubwa cha samaki wa mwisho tuliyembeba kutoka Kisumu, maana wa kule aliwadharau, akakifunika kwa sahani. "Anti, mpelekee," akasema, "na umwambie shingo ikandwe kwa maji moto."

Anti alifariki mwaka jana baada ya kuugua muda mfupi. Watoto wake walikuja kutoka ng'ambo wakamfanyia ya kwao, mwili ukapewa moto. Mama, aliyezoea kaburi la kuonyesha kwa kidole, alibaki amesimama pembeni akiuliza sasa atakuwa akisimama wapi. Duka lilikuwa limefungwa. Kalenda watoto walimpa yeye.

Tulipotoka msibani jua lilikuwa linashuka upande wa ziwa. Nilimwona Mama akitafuta mkoba wake kwa mazoea, akaushika, kisha akasimama nao katikati ya njia asijue aelekee wapi. Katika mji mzima wa Kisumu hakuwa tena na paa.

"Mama," nikasema, "chumba kipo."

"Najua kipo, nyathina, mwanangu." Alinishika shavu. "Nirudisheni Pap Onditi."

Garini nilitaka kukaa mbele, akanivuta mkono nikae naye. Kiti cha Anti kikabaki kitupu. Mume wangu aliinua mkono, akakigeuza kioo mwenyewe, kikatazama dari. Tulipita mpunga wa Ahero. Karibu na Katito, Mama, macho yake dirishani, akasema kwa sauti ya kila siku, "Anti, mwambie apunguze mwendo."

Gari lilipungua mwendo, likaenda hivyo hivyo taratibu hadi tulipofika.

Nilimsindikiza hadi mlangoni pake, mume wangu akabaki nje ya boma kama ipasavyo. Niliporudi garini giza lilikuwa limeshika. Sikuketi mbele, nilirudi palepale nyuma, nikawa nalia. Mume wangu aliwasha taa kubwa mara mbili, akazizima. Tukangoja. Nilikuwa nimeshakata tamaa wakati kitochi kilipowaka mlangoni, kikazimika, kikawaka tena.

Njia ile ni nyembamba, haina pa kugeuzia gari. Mume wangu alirudi kinyumenyume hadi barabarani, kioo kikitazama dari, na muda wote huo Mama hakukizima kitochi.