Kofia ya Bwana Salum Juu ya Swichibodi

Siku yangu ya kwanza mbele ya swichibodi ya Posta ya Bukoba nilivaa tai ya kuazima na viatu vilivyonibana, nikidhani watu watanitazama. Hakuna aliyenitazama. Kazi ya opereta wa simu ni sauti, na sauti ndiyo iliyokuwa na kasoro.

Ilikuwa zama za Mwingereza, miaka michache baada ya Vita Kuu ya Pili. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa, mke na watoto wawili kule Kamachumu. Miaka sita nilikuwa nimebeba na kupanga mifuko ya barua, mpaka opereta mmoja alipohamishiwa Mwanza na mimi nikapewa kiti chake. Mke wangu alikitangazia kilima kizima kwamba mumewe sasa anaongea na Mwanza akiwa amekaa. Kiti kile kilikuwa cha ukoo mzima.

Ninyi mlio na simu mfukoni, niwaeleze. Swichibodi ilikuwa kabati la mbao lenye matundu, kila mteja na tundu lake. Mteja akizungusha mkono wa simu nyumbani kwake, kibao kidogo kilianguka juu ya tundu. Unachomeka kamba, unamuuliza anamtaka nani, kisha unachomeka kamba ya pili kwa huyo anayetakiwa. Masikioni una hedfoni, na mbele ya uso kinaning'inia kinywa cha kusemea. Wateja karibu wote walikuwa Wazungu na Wahindi, kwa hiyo ulisema Kiingereza kutwa nzima.

Mwalimu wangu alikuwa Bwana Salum, opereta mkuu, mtu wa mtaa wa Miembeni pale mjini, ambaye babu yake alitoka pwani. Hakuvua kofia yake nyeupe hata joto likizidi. Alinifundisha kamba kwa siku mbili. Kiingereza aliniambia nijitegemee, maana chake alikiokota kazini kama mtu anayeokota kuni, neno moja moja.

Wiki ya tatu Postamasta aliniita. Alikuwa Mwingereza mrefu asiyepandisha sauti hata akikasirika.

"Wateja hawakuelewi," alisema. "Nakupa miezi mitatu. Usipojirekebisha, utarudi kwenye mifuko."

"Ndiyo, bwana," nilijibu.

"Umesemaje?"

Nilirudia mara tatu kabla hajanisikia. Nilitoka mle ofisini nikiwa na aibu, nikiiona sura ya mke wangu.

Nilikijua Kiingereza cha vitabuni, tena vizuri. Shida ilikuwa kinywani. Sisi Wahaya hatupendi neno liishe bila irabu, basi kila neno la Kiingereza nililiongezea mkia. R na l kwangu zilikuwa ndugu wa tumbo moja. Jumapili nilikuwa napita katikati ya migomba nikihesabu namba za simu kwa sauti, na majirani wakamshauri mke wangu aniombee.

Aliyenishika mkono ni Sista, muuguzi mkuu wa hospitali ya misheni upande wa Muleba. Kila asubuhi, kabla wateja hawajaamka, opereta alipaswa kupima laini: kupiga kila kituo na kuhakikisha waya haujaangushwa na mti. Asubuhi moja, baada ya kunijibu kwamba ananisikia vibaya, Sista aliuliza kama ni waya au ni mimi. Nikamwambia ukweli, na habari ya ile miezi mitatu pia.

"Mimi ni Mswidi," alisema. "Kiingereza nilikianza nina miaka thelathini na miwili, ili niletwe huku. Waingereza walinicheka mpaka nikawa nakula peke yangu. Kesho asubuhi utanisomea sentensi moja. Moja tu."

Hivyo ndivyo tulivyosoma, sentensi moja kila siku, dakika mbili, mwalimu na mwanafunzi wasiojuana sura. Alinifundisha kufunga mdomo neno linapoisha, kuvuta pumzi kabla ya namba, na kutokimbia. Mikia ya maneno ikaanza kukatika. Bado malalamiko yalikuja. Mwezi wa pili ukaisha, nikaanza kukata tamaa.

Ndipo siku moja, nikiwa kwenye laini na Sista, Bwana Salum aliniuliza jambo nami nikamjibu. Sista akasikia.

"Elisha, ukimjibu mwenzako nakusikia kama uko chumbani kwangu. Ukinijibu mimi unapotea. Unaponisemesha, macho yako yako wapi?"

"Sakafuni, Sista."

"Na kichwa?"

"Nimeinamisha."

Alicheka kwa muda mrefu, kicheko cha upole. Alikuwa ameishi Buhaya miaka mingi, alijua mtoto wetu anavyofundishwa kusema na mkubwa: macho chini, sauti chini. Mimi nilimwinamia kila mkubwa aliyepiga simu, na kinywa cha kusemea kikabaki juu kinasikiliza nywele zangu.

"Lafudhi yako haijawahi kuwa mbaya kiasi hicho," alisema. "Unanisalimia vizuri mno. Inua uso."

Ni rahisi kusema. Mimi kumkazia mkubwa uso niliona ni kumtukana, hata kama hanioni. Nilijaribu siku nne, shingo ikagoma. Bwana Salum, aliyekuwa akinitazama, alipigilia msumari ukutani juu ya swichibodi, akavua kofia yake, akaitundika. Ndipo kwa mara ya kwanza nikaona upara wake.

"Heshima si utumwa, ndugu yangu," alisema, "lakini simu haina macho. Wewe sema na kofia. Hiyo ni ya mwenzako, haihitaji kuinamiwa."

Wiki mbili kabla ya ile miezi mitatu kwisha, kibao cha Sista kilianguka mchana. Mama mmoja alikuwa akijifungua, damu haikati, na Sista alimtaka daktari wa serikali aje mara moja. Nilimtafuta. Alikuwa kwenye laini na Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, na Bwana Salum alikuwa amekwenda kuswali. Kuwakatiza wakubwa wawili wanaozungumza ni jambo ambalo lingemfanya baba yangu anichape hata nikiwa na mvi.

Niliitazama kofia. Nikavuta pumzi, nikafunga kila neno mahali pake: "Samahani, bwana daktari. Hospitali ya misheni inakuhitaji sasa hivi. Mama anavuja damu."

Daktari akasema, "Niunganishe."

Yule mama alipona, na mtoto pia. Kesho yake Postamasta aliniita.

"Daktari amelalamika kwamba opereta alimkatiza," alisema. Akapanga karatasi zake. "Anasema pia kwamba alielewa kila neno. Rudi kitini pako."

Nilikaa kwenye kiti kile, na vingine vya Muleba na Mwanza, mpaka nilipostaafu baada ya uhuru. Wajukuu huniuliza namna ya kusema Kiingereza kama Mzungu. Nawaambia wafunge maneno, wavute pumzi, wainue uso. Halafu nawaeleza siku niliyoonana na Sista.

Alikuwa anarudi kwao, akapitia Posta kabla ya kupanda meli. Mama mfupi, mwenye mvi, amevaa viatu vya matope. Nilisimama, na kabla sijajijua kichwa kilikuwa kimeinama na sauti imezama sakafuni.

"Sikusikii, Elisha," alisema kwa Kihaya, akitabasamu huku machozi yakimtoka. Kisha akauliza, "Nimesema lugha yenu miaka hii yote. Naisema vizuri?"

Kihaya chake kilikuwa na Uswidi mzima ndani yake. Miaka yote ile haikuupunguza hata chembe, na katika Buhaya yote sikuwahi kusikia mtu aliyempa miezi mitatu.

Niliinua uso, nikamtazama machoni. "Waitu, Sista," nilimwambia kwa neno letu la heshima, "sisi tulikusikia tangu siku ya kwanza."