Rubani wa Ijumbi aliyegoma Desemba

Saa moja na nusu asubuhi, katika Uwanja wa Ndege wa Bukoba, Kapteni Ephrasia Rweyemamu anaizunguka ndege yake kwa miguu. Anapapasa ukingo wa bawa kwa kiganja, anainama kutazama matairi, anachungulia chini ya injini kama kuna tone la mafuta. Upepo wa ziwani unapeperusha koti lake la kijani.

Abiria wanapita kuelekea kwenye ngazi. Mzee mmoja anavua kofia na kumwamkia kwa Kihaya. Mwanamke aliye nyuma ya mzee huyo anamtambua rubani, anageuza uso na kupanda ngazi.

Ephrasia amemwona. Anamaliza kukagua tairi la mwisho, anajifuta mikono, naye anapanda.

"Wapo wanaonisalimia na wapo wasionisalimia," anasema baadaye. "Wote nawafikisha."

Ana umri wa miaka arobaini na moja. Ni mzaliwa wa Ijumbi, wilayani Muleba, mtoto wa tatu wa mkulima wa kahawa na migomba. Baba yake, anayeitwa Ta Rweyemamu kwa heshima ya Kihaya, aliuza msitu wake wote wa misindano ili binti huyo akasomee urubani Afrika Kusini. Majirani walimwona mzee amerukwa na akili. Siku ndege ya kwanza iliyorushwa na Ephrasia ilipotua Bukoba, majirani haohao walikodi gari wakaenda kumpokea.

Leo anarusha ndege za kampuni moja ndogo yenye makao yake Mwanza. Pia ni mwenyekiti wa tawi la chama cha marubani katika kampuni hiyo. Uenyekiti hakuugombea. Wenzake walimchagua akiwa angani.

Mkataba wa hali bora wa marubani hao ulikwisha muda wake zaidi ya miaka miwili iliyopita. Chama kilipeleka mapendekezo mapya mapema. Kubwa kati ya hayo lilikuwa saa za kupumzika: rubani aliyetua usiku asirushwe tena alfajiri.

"Tulikuwa tunaitwa kwenye kikao, tunakunywa chai, tunaambiwa mkurugenzi yuko safarini," anasimulia. "Kikao kinachofuata mkurugenzi yupo, lakini mwanasheria hayupo. Kinachofuata wote wapo, wanasema hawajasoma. Hakuna aliyetukatalia. Ingekuwa nafuu wangetukatalia."

Upande wa kampuni alikuwa akija meneja utumishi, Bwana Kamala, Mhaya wa Bukoba mjini. Naye hana kinyongo anapoyakumbuka mazungumzo hayo. "Nilikuwa natumwa na mikono mitupu," anasema. "Ephrasia ananiuliza, mimi sina la kumjibu. Tulikuwa tukitoka pale hata kuagana tunaona haya."

Kilichomfanya Ephrasia aache kusubiri kilitokea juu ya ziwa, asubuhi yenye mawingu, ndege ikiwa imejaa. Alimsemesha rubani msaidizi wake, Wilbert Rutaihwa, asijibiwe. Alipogeuka akamkuta amelala, kichwa kimeegemea dirisha.

"Sikumkasirikia," anasema Ephrasia kwa sauti ya chini. "Nilimwonea wivu. Hapo ndipo nilipoogopa. Nyuma yetu kuna watu, na mimi naona wivu kwa aliyelala."

Alimwamsha, wakatua salama. Wilbert mwenyewe ndiye aliyelipeleka tukio hilo ofisini, jina lake likiwamo. Kampuni ilimpa onyo. Saa za kupumzika hazikubadilika.

Shauri likapelekwa kwenye usuluhishi, likarudi bila mwafaka. Kilichobaki kisheria kilikuwa kura ya kugoma na notisi. Kugoma wote walikubali. Walichobishania ni lini.

"Tukigoma mwezi wa pili nani atajua?" Wilbert aliwaambia wenzake kwenye kikao cha kura. "Ndege zinaruka nusu tupu. Watatuacha tukae nyumbani mpaka tuchoke. Desemba ndiyo mwezi wao. Desemba Wahaya wote wanarudi nyumbani."

Alikuwa akisema kweli. Wiki ya kuelekea Noeli, walioko Dar es Salaam na Arusha hurudi Kagera kwa ndege, kwa basi, kwa meli, kila mtu kwa uwezo wake. Tiketi za Bukoba huisha mapema. Kama kampuni ingeumia, ingeumia wakati huo.

Wote wakamtazama mwenyekiti, kwa sababu watu watakaokwama walikuwa watu wa kwao.

Ephrasia alitoka nje akampigia simu baba yake.

"Tata, tunataka kugoma. Wiki ya Noeli."

"Unaniomba ruhusa au unaniarifu?"

"Nakuarifu."

"Na hao wanaokuja nyumbani?"

"Hawatafika kwa ndege zetu, Tata."

"Nimesikia," akasema mzee, akakata simu.

Ephrasia akarudi ndani, akanyoosha mkono. Hoja ya Desemba ikapita.

Siku ya pili ya mgomo, Karugendo, mtoto wa kiume wa pekee wa Ma Benadetha, jirani yao pale Ijumbi, alifariki dunia Dar es Salaam baada ya kuugua kwa muda mfupi. Alikuwa fundi umeme, na alikuwa ameshanunua zawadi za sikukuu. Ukoo ulikuwa umejipanga kumleta kwa ndege ili azikwe kwenye kibanja cha baba yake, kati ya migomba, kama ilivyo desturi. Ndege za kampuni nyingine zilikuwa zimejaa. Jeneza likapakiwa kwenye gari.

Gari liliharibika njiani, kabla ya Kahama. Lilipotengenezwa lilisafiri siku nzima kwenye joto, likapita Biharamulo, likaingia Muleba mwili ukiwa katika hali iliyowafanya wanaume wa ukoo washauriane pembeni, waamue jeneza lisifunguliwe. Ma Benadetha aliomba, akakataliwa. Alimzika mwanawe bila kumwona uso.

Ephrasia alikuwa amefika kijijini siku hiyohiyo. Baba yake, aliyekuwa ametoka kuchimba kaburi na wenzake, alimkuta mlangoni akijifunga kanga.

"Leo usiende, mwanangu," alimwambia. "Nimekwenda mimi kwa niaba ya nyumba."

"Nikisubiri kesho nitashindwa kabisa, Tata."

Akaenda. Wanawake walikuwa wamekaa sakafuni juu ya nyasi zilizotandikwa. Alipoingia walisogea, lakini hawakusogea kumpa nafasi. Walimwacha katikati.

Ma Benadetha ndiye aliyeanza kusema.

"Ephrasia, mwanangu ungemleta wewe."

"Ndiyo, Ma."

"Ungemleta asubuhi, mchana ningekuwa nimemwona."

"Ndiyo, Ma."

"Mimi siulizi nani ana haki huko kazini kwenu. Nilitaka uso wake tu."

Ephrasia anasema alikuwa amejiandaa kwa maneno. Njiani alipanga aeleze habari za usingizi, za watu anaowabeba, za Wilbert aliyeegemea dirisha. Yote yalikuwa kweli, na hakuna hata moja lililomtoka.

"Ningemwambia nini? Kwamba mwanawe amechelewa ili watoto wa wengine wasianguke? Mama aliyefiwa hapimiwi mambo kwa mizani hiyo."

Hakuondoka. Alikaa msibani mpaka watu walipotawanyika. Alichota maji, akaosha sufuria. Ulipofika wakati wa kumenya ndizi za chakula cha wafiwa, wanawake walipeana visu, naye akarukwa. Siku iliyofuata akarukwa tena. Siku ya tatu Celina, dada wa marehemu, alisukuma kisu juu ya nyasi hadi kwenye goti lake, bila kumtazama. Akamenya.

Mikono yake ilikuwa imejaa utomvu wa ndizi simu ilipoita. Alikuwa Bwana Kamala.

"Wamekubali saa za kupumzika," alisema. "Mkurugenzi anataka kutia saini leo. Uko wapi?"

"Niko msibani."

"Kapteni, hawa watu tumewasubiri miaka miwili."

"Basi watasubiri nimalize kumenya ndizi."

Saini zilitiwa kesho yake, mkesha wa Noeli, na mgomo ukaisha. Sasa rubani wa kampuni hiyo akitua usiku halazimishwi kuruka alfajiri. Sehemu ya mishahara iliwekwa kando kwa mazungumzo zaidi, na mazungumzo hayo, kama yale ya kwanza, yanakwenda kwa mwendo wa kinyonga. Notisi nyingine ya mgomo inanukia.

Wilbert hajutii Desemba. "Tulishinda kwa sababu ya Desemba, tusidanganyane," anasema. "Ninalala sasa. Abiria wangu hawajui, lakini mimi najua."

Kwa Ma Benadetha jibu si jepesi hivyo. Mwandishi alimkuta akianika kahawa uani, akamwuliza kuhusu Ephrasia. Alinyoosha mgongo, akafikiri.

"Ni mtoto wa jirani yangu," alisema. "Akija namkaribisha, namtafutia chochote ale. Lakini ndege ikipita juu hapa, siitazami."

Ephrasia anayajua maneno hayo, kwani aliambiwa mwenyewe, uso kwa uso. Hajaomba msamaha kwa kugoma, na anasema hataomba, maana angekuwa anadanganya. Anachotaka ni kitu kingine.

Amepeleka pendekezo kwa wanachama: mgomo wowote ujao, ndege moja ibaki ikiruka, bila abiria wa kawaida, kwa ajili ya wagonjwa wa rufaa na marehemu wanaorudishwa kwao. Marubani waipokezane kwa kujitolea, na yeye atakuwa wa kwanza.

Wenzake wengi hawalitaki. Wanasema nguvu ya mgomo ni ndege kukaa chini, zote. "Ukiwaachia ndege moja, watatuvunjia mgomo kwa hiyohiyo moja," Wilbert alimwambia kikaoni mbele ya wote. Ephrasia alikiri kwamba huenda yuko sahihi.

Kura itapigwa mwezi ujao, Mwanza. Amehesabu vichwa, na anajua kwamba kwa sasa hana kura za kutosha. Kwa hiyo kila anaporuka na rubani mwenzake, wakishapanda juu na mitambo ikatulia, anamsimulia juu ya Karugendo: alikuwa fundi wa nini, alinunua zawadi gani, mama yake aliomba nini.

"Nikishindwa nitagoma na wenzangu tena, siwezi kuwaacha," anasema. "Ila safari hii hakuna atakayenyoosha mkono bila kujua nani yuko ndani ya jeneza."

Anavaa kofia yake. Ana safari mchana, na rubani msaidizi wa safari hiyo ni kijana mgeni kazini ambaye bado hajamsimulia.